Hoteli ilifilisika, Robinah akabaki na mashine ya pasi

Saa moja asubuhi, Munuki, Juba. Robinah Namutebi anashika ncha mbili za shuka jeupe. Mwenzake, Nyagoa, anashika nyingine mbili. Wanalivuta hadi linanyooka, kisha wanaliingiza polepole kwenye rola ya moto. Mvuke unapanda hadi kwenye mabati.

"Haraka, kabla umeme haijaenda," anasema Robinah bila kuinua macho.

Mashuka haya ni ya zahanati mbili na nyumba moja ya wageni. Kwa kila mashuka kumi wanalipwa dola tatu. Siku nyingi hayafiki themanini, na katika pesa hizo bado kuna sabuni, umeme na maji ya kununua kwa gari la tangi.

Robinah, mwenye miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Masaka, Uganda. Alikuja Juba miaka tisa iliyopita kufanya kazi ya udobi katika hoteli moja ya mtaa wa Hai Amarat. Hoteli hiyo haipo tena. Mashine hii ya pasi, ndefu kama kitanda, ndiyo iliyokuwa ikinyoosha mashuka ya vyumba vyake sitini.

Namna ilivyohama kutoka Hai Amarat hadi kwenye chumba hiki cha mabati ndiyo iliyomfanya apoteze marafiki kwa muda.

Matatizo yalianza mashirika ya misaada yalipopunguza watu wake mjini. Wageni waliokuwa wakikaa miezi waliondoka. Mwenye hoteli, Bwana Thon, aliwaita wafanyakazi thelathini na wanne akawaambia ukweli kwa Kiarabu cha Juba: gurush mafi, pesa hakuna. Akawaomba wavumilie.

Walivumilia. Mshahara wa Robinah ulikuwa dola mia moja themanini kwa mwezi, na mwezi wa tano ulipopita bila kulipwa, alikwenda kwa mhasibu. Jael, Mkenya kutoka Kakamega, ndiye aliyekuwa akishika vitabu vya hoteli. Robinah anasema hakwenda kulalamika. Alitaka kujua tu kama arudi nyumbani au abaki.

Jael alifunga mlango kwanza.

"Mama Sanyu, ahadi ya mdomo haitakusaidia," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye aliyeko shuleni Masaka. "Kama unabaki, omba kitu kishikilie deni lako. Kitu chenyewe kiandikwe."

Robinah alikwenda kwa Bwana Thon akaomba mashine ya pasi. Anasema hakuwahi kumwomba tajiri kitu. Bwana Thon hakukasirika. Alikuwa akijua kwamba bila dobi hoteli ingefungwa wiki hiyo hiyo. Waliandikiana kwa wakili: mashine ni dhamana ya mshahara wake wote, uliopita na utakaokuja, mpaka alipwe. Karatasi ikaandikishwa. Robinah aliifunga kwenye kitenge, akarudi kufua.

Alifua miezi saba zaidi. Kisha hoteli ikafilisika.

Mahakama ilimteua wakili aitwaye Puok kuwa mfilisi, yaani mtu wa kukusanya mali ya hoteli na kuwalipa wadai. Aliwaita wote kwenye ukumbi wa chakula. Wapishi, walinzi, wahudumu na wauza mboga walikaa kwenye viti ambavyo tayari vilikuwa na namba za mnada.

Puok aliwaeleza taratibu, akirudia kwa Kiarabu na Kiswahili. "Mdai mwenye dhamana ni yule ambaye deni lake limeshikwa na kitu fulani," alisema. "Mwenye deni akifilisika, kitu kile kinamlipa yeye kwanza. Wengine wanagawana kinachobaki."

Benki ilikuwa na dhamana. Ilichukua jengo, jenereta mbili na gari. Mishahara ingelipwa kabla ya madeni ya wauza mboga na wengine, lakini kutokana na masalio: vitanda, friji, televisheni, sahani.

Robinah alinyoosha mkono, akatoa karatasi yake.

Mwakilishi wa benki alipinga papo hapo. Alidai mashine zote za hoteli zilikuwa chini ya rehani ya benki. Puok aliichukua karatasi ya Robinah akaomba wiki mbili. Alihitaji kuangalia mambo mawili: mali gani hasa benki iliwekewa, na kama karatasi ya Robinah haikuandikwa kwa ujanja hoteli ikiwa tayari inakufa.

"Hizo wiki mbili sikulala vizuri," anakumbuka Robinah. "Mimi iko mtu wa kufua. Benki iko na mawakili. Nilijiambia, hii watachukua."

Lakini lililomuumiza zaidi halikuwa benki. Mpishi mkuu, Mugisha, mtu wa kwao Uganda aliyekuwa akila naye kila mchana, aliacha kumsalimia. Wengine walisema alikuwa kipenzi cha tajiri. Hata Nyagoa, aliyefua naye beseni moja miaka sita, alimuuliza kwa nini hakumwambia.

"Sikujua ile karatasi ni nguvu hivyo," anasema Robinah. "Nilifikiri ni ya kunituliza tu roho."

Mkutano wa pili ulipofika, Puok alisoma uamuzi wake. Rehani ya benki ilitaja mali moja moja kwa namba zake, na mashine ya pasi ilinunuliwa miezi minane baadaye. Haikuwemo. Karatasi ya Robinah ilikuwa halali, kwa sababu aliendelea kufanya kazi akiitegemea.

Deni lake lilikuwa dola elfu mbili mia moja na sitini. Mashine ilithaminiwa elfu moja mia tano, naye akaichukua kwa thamani hiyo. Kwa hizo mia sita na sitini zilizobaki, Robinah hakuwa na dhamana tena. Alipanga foleni na wenzake.

Foleni hiyo ililipwa robo. Robinah alipata dola mia moja sitini na tano. Nyagoa, aliyedai kiasi kile kile cha elfu mbili mia moja na sitini, aliondoka na mia tano na arobaini.

Ukumbi ulianza kunung'unika. Hapo Jael alisimama.

"Ni mimi niliyemwambia aombe dhamana," alisema. "Nilimwambia yeye peke yake kwa sababu yeye peke yake aliniuliza."

Mugisha alitaka kujua kwa nini Jael mwenyewe hakuomba. Jael alijibu kwamba aliona aibu. Alikuwa akiona vitabu kila siku, na kujiwekea kitu pembeni kungekuwa kama kuiba. Yeye alidai elfu mbili mia nne, akapata mia sita. Alirudi Kakamega mwezi uliofuata.

Siku hiyo hiyo ya mkutano, mfanyabiashara mmoja alitaka kumpa Robinah dola elfu moja mia tano taslimu ili amuuzie mashine. Ada ya Sanyu ilikuwa imechelewa muhula mzima. Robinah aliomba mpaka kesho, akaenda nyumbani kwa Nyagoa, Munuki, akamwambia kwamba hawezi kulishika shuka peke yake. Shuka lina ncha nne.

Nyagoa alisema upande wa nyuma wa uwanja wake una chumba kitupu.

Wana miezi kumi sasa. Wanafua kwa mikono na kunyoosha kwa mashine. Wakitoa gharama, kila mmoja hupata karibu dola mia mbili na kumi kwa mwezi, na ada ya Sanyu imelipwa. Mugisha alipopata kazi mpya alileta makoti yake meupe ya upishi. Alisalimia, akalipa, akasema atarudi Ijumaa. Robinah anasema hilo lilimtosha.

Jumamosi hii watapanda gari kwenda Nesitu, kwenye barabara ya Nimule, kuangalia kiwanja. Madereva wa malori hulala huko, na nyumba za wageni hazina pa kufulia mashuka. Wakikipata, wataandikisha biashara.

Nyagoa hajui kusoma, kwa hiyo Robinah ameahidi kwamba Puok atamsomea kila mstari kabla hajaweka dole gumba.

"Nimemwambia mashine tunaandika ya watu wawili," anasema Robinah, akikunja shuka la mwisho. "Na jina lake litatangulia."