Vifungo Vinane vya Koti

Mashine ya kushona iliyoko kwetu hapa Yeoville niliipata kwa karata, na namshukuru msusi mmoja kila inapoanza kunguruma.

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alikuwa anahamia Cape Town, na mashine yake nzito haikuwa na nafasi garini. Nusu ya Johannesburg iliitaka. Hakupenda kugombanisha marafiki, basi akatangaza mashindano ya poka dukani kwake, Jumapili baada ya kanisa. Kiingilio hakuna. Dau ni vifungo: vya shati vina thamani ndogo, vya koti vina thamani kubwa. Kila mchezaji hushika karata mbili, na tano za wote hufunguliwa mezani. Mke wangu alikuwa akishona kwa mkono mpaka vidole vimetoboka kama chujio, na mimi, kwa mdomo wangu huu, nilishamwahidi mashine mbele ya majirani wote.

Poka nilifundishwa na huyo msusi, mama wa Lubumbashi, saluni kwake, miaka ile nikipita kila jioni kwenda shule ya watu wazima, ndipo wakaanza kuniita Profesa. Siku ya mashindano alitolewa mapema na dereva wa teksi, mtu wa Tanga. Mwishowe tukabaki wawili: dereva na mimi.

Mbele yangu palikuwa na mlima wa vifungo vya shati; ukipanda juu yake ungeiona Pretoria. Lakini mchezo ulikuwa umefika mwisho, na fundi akatangaza kwamba vya shati havitumiki tena. Tena kila mgao, kabla hata ya kuangalia karata, kila mtu aweke kifungo kimoja cha koti. Akanibadilishia. Mlima wote ukawa vifungo vinane. Dereva alikuwa na kumi na viwili.

"Eish, Profesa," dereva akacheka, "mlima umehamia wapi?"

Nikapata mfalme na kumi, nikaingia na vitatu, kile cha lazima kikiwemo. Dereva akasukuma vyake vyote katikati. Nikaogopa, nikatupa karata. Vikabaki vitano.

Fundi akasema tunywe chai kwanza. Msusi akanifuata mlangoni.

"Papa, uko na vinane, unaweka vitatu, kisha unakimbia. Ulitaka nini?"

"Nilitaka kuonja tu, mama."

"Mwenye kuonja ni yule yuko na sufuria. Wewe uko na kijiko! Tupa karata ama weka vyote. Na uviweke sasa, vingali vinamuumiza. Ukingoja vibaki viwili, atakufuata hata na takataka."

Tuliporudi, nikapata karata nzuri kidogo. "Tapi!" nikapaza sauti, neno walitumialo Wakongo kwa kuweka vyote. Dereva akakuna kichwa, akatupa. Mgao uliofuata, tapi tena, akatupa tena. Nikawa na saba. Mara ya tatu nilikuwa na tisa mbili, na dereva uvumilivu ukamwisha.

"Nakuja, Profesa! Umezidi!" Akasukuma vifungo saba katikati.

Alikuwa na mfalme na malkia. Karata za mezani zilifunguliwa polepole kiasi kwamba ningeweza kumaliza shule upya, na hakutokea mfalme wala malkia; tisa zangu zikashinda. Sasa mimi nilikuwa na kumi na vinne, yeye sita.

Mgao uliofuata nikashika malkia wawili. Furaha ikataka kupiga tapi. Nikamtazama msusi: amefumba macho kama anayeogopa kuona mtoto juu ya ukuta. Basi nikaweka vitatu tu. Sufuria ilikuwa kwangu.

Dereva akaangalia vitatu vile, akaviona vidogo. "Hivi tu? Nalipa." Akaonja. Akabakiwa na vitatu, na karata za mezani zilipofunguka akavirusha navyo, kwa hasira. Malkia wangu wakamaliza kazi.

"Shemeji amepata mashine," akasema, akanipa mkono. Kisha akaibeba mwenyewe kwenye teksi yake mpaka kwetu, akinitukana njia nzima.

Nguo ya kwanza iliyotoka kwenye mashine ile ni koti la kazi la msusi, la kuvaa saluni. Fundi alituachia vile vifungo, mke wangu akashona vinane mbele. Msusi analalamika mpaka leo kwamba ni vizito, vinamvuta shingo. Hajalivua.