Kioromo Kifuani, Kibalochi Kiunoni

Mama Yvette hushona nguo Kalemie, Kongo, kwenye barabara inayoteremka bandarini, na katika mtaa wake ndiye mtu pekee anayejua Kioromo. Si jambo la kujivunia sana, maana hana wa kuzungumza naye. Alifundishwa na mumewe, Gemechu, aliyetoka Ethiopia akielekea kusini kutafuta maisha, akapita kwake kutengenezewa suruali, akabaki miaka kumi na saba. Gemechu alifariki miaka minne iliyopita. Tangu hapo Mama Yvette huisemesha cherehani kwa Kioromo, na cherehani haimjibu. Juzijuzi aligundua kwamba amesahau neno la goti. Alilia mchana kutwa kwa ajili ya goti, na gauni la bibi harusi likachelewa.

Basi Jumatatu moja Papa Wilfried, mkuu wa ofisi ya wageni pale bandarini, akaja mwenyewe hadi mlangoni.

"Mama Yvette, kuko muntu ya kwa bwana yako ameshuka ku boti ya Kigoma. Sakosi yake ya safari ilianguka mu maji, hana hata karatasi moja. Kuja utusaidie."

Hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alioga, akavaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya sikukuu, akashuka bandarini.

Mgeni alikuwa mwanamume wa makamo mwenye masharubu mazito, ameketi kwenye benchi la barazani. Mama Yvette akamsalimu kwa Kioromo, akamuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, yote kwa mkupuo mmoja. Yule mtu akamsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akajigonga kifua, akasema, "Baloch."

Papa Wilfried akaandika kitabuni: Jina, Baloch.

Mama Yvette akaizuia kalamu, maana hilo ni kabila, la watu wa upande wa Pakistani. "Papa Wilfried, huyu hapana Muoromo."

"Mugeni ni mugeni, Mama. Waoromo niko na liste yao, wanarudishwa kwao na boti ya Ijumaa. Baloch sina liste."

"Na kama hauna liste?"

"Atangoja hapa mpaka ndugu yake amufuate. Nakupatia mpaka Alhamisi unionyeshe kama luga yake ni ingine."

Angeweza kurudi zake kwenye cherehani. Lakini alikuwa amekwisha kuoga.

Daftari alilokuwa nalo lilikuwa la vipimo vya wateja, lenye safu mbili, Kifua na Kiuno. Kioromo akakiweka kifuani, Kibalochi kiunoni. Alinyoosha kidole kwenye maji, akataja neno la Gemechu, kisha akangoja neno la mgeni. Maji: bishaan, ap. Moto: ibidda, as. Walihesabu vidole: tokko, lama, sadii; yak, do, sai. Hapo kwenye tatu lugha mbili zilikaribia kugusana, na Mama Yvette akafurahi kama aliyeokota kitu.

Aligundua pia kwamba zote mbili hupeleka tendo mwisho wa sentensi. Mtu anakutajia maji kwanza, na kama anayataka au ameyamwaga, hilo utalijua baadaye. Tabia hiyo ilimkera kwa Gemechu miaka kumi na saba, na sasa aliiona tamu. Tena zote huuliza jina kwa "nani", kama Kiswahili: maqaan kee eenyu, tai nam kay int, jina lako nani. Kifaransa cha Papa Wilfried ndicho kilichoachwa peke yake, kikiuliza mtu anajiitaje.

Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba mgeni anaitwa Murad, kwamba ana ndugu Lubumbashi, na kwamba ndugu huyo atakuja kumchukua. Atakuja lini, daftari halikufika huko.

Alhamisi asubuhi Murad alikwenda bombani, akawaambia wapagazi kwa sauti ya kujiamini, "Ani bishaan barbaada!" Alitaka maji. Papa Wilfried, aliyekunywa chai na Gemechu miaka mingi, alijua sentensi moja tu ya Kioromo, na ilikuwa hiyo.

"Hii njo luga ya Gemechu!" akapiga kelele, akaandika kitabuni: Muoromo. "Mama, umenidanganya!"

"Mimi njo nilimufundisha! Yeye anazani ni Kiswahili!"

"Na wewe ulimuachia sababu gani?"

Jibu la swali hilo halikuwa la kuandikwa ofisini. Tangu Jumanne alikuwa amejua. Murad alishika kila neno la kwanza akidhani ndiyo lugha ya Kalemie, akalirudia kwa bidii, na Mama Yvette hakumsahihisha, kwa sababu ilikuwa raha kulisikia kutoka kinywani mwa mtu. Kwa raha hiyo mtu wa watu alikuwa anakwenda kupakiwa kwenye boti, kisha arudishwe Ethiopia, nchi asiyowahi kuiona. Aliona aibu hadi masikio yakamwasha.

"Muulize kitu haujamufundisha," Papa Wilfried akasema, kalamu mkononi. "Akielewa, boti. Asipoelewa, anangoja ndugu yake."

Mama Yvette akatafuta. Maneno ya jikoni alikuwa ameyamaliza, ya mwili na ya hesabu pia. Lilibaki moja ambalo hakuthubutu kuliandika hata kwenye safu ya kifua, lile alilomwambia mumewe kila alipomrudia kutoka safari za Moba. Akamtazama Murad usoni.

"Si yaadeera," akasema. Nimekukumbuka sana.

Murad akakunja uso, akalitafuta neno hilo kati ya yote aliyofundishwa. Hakuliona. "Sarpad naban," akajibu kwa masikitiko, kama mwanafunzi aliyefeli.

"Anasema nini?"

"Anasema haelewi."

Papa Wilfried akakata neno Muoromo, akaandika juu yake: Anangoja ndugu. Akagonga muhuri, akafunga kitabu.

Mama Yvette akalisema tena mara ya pili, bila kuombwa na mtu, na Murad akatikisa kichwa.