Rangi Zilizombakia Mama

Watu wakija kwangu mara ya kwanza husimama mlangoni kabla ya kuvua viatu. Huangalia mlango mwekundu, ukanda wa manjano unaozunguka njia ya jikoni, mito ya viti ya vitenge isiyofanana, pazia la buluu lenye maua makubwa kama sahani, kisha huniuliza nani alinifundisha kupanga rangi. Kuna mama mmoja wa kanisa letu hapa Kitale aliyenisihi niende kwake nikamtengenezee sebule iwe kama yangu. Nilikataa, akadhani naringa. Sikuwa naringa. Nilishindwa tu kumwambia kwamba humu ndani hakuna rangi hata moja niliyoichagua kwa kuipenda. Nyekundu, kwa mfano, mimi hainipendezi hata kwa nyanya.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilipoachana na mume wangu nilikuja Kitale na cherehani na godoro, nikapanga vyumba viwili kwenye ploti ya wapangaji wengi, na kitu cha kwanza nilichojiahidi kilikuwa nyumba nyeupe. Nilikulia Bumula katika nyumba ya udongo na nilikuwa nimechoka na udongo, kuusikia hata harufu sikutaka. Mwenye ploti aliponiruhusu, nikapaka kuta rangi nyeupe ya mafuta, ile ya kupangusa kwa kitambaa chenye maji. Nikafuma vitambaa vyeupe vya viti, cha meza, hata cha redio, nikavitia wanga vikasimama wima. Nilijiona nimefika.

Mama yangu alipokuja kunitembelea alisimama katikati ya sebule, mkoba bado uko mkononi.

"Mayi," akaniambia. Kwetu mtoto humwita mama mayi, na mama naye humwita bintiye vivyo hivyo. "Hii nyumba ni ya watu, ama ni wodi?"

Alikuwa na haki ya kusema. Kule Bumula hakuna aliyeweza kupaka nyumba kama yeye. Kwetu Wabukusu tohara huja Agosti, mwaka mmoja unarukwa, wa pili watoto wanaingia, na Agosti hiyo hakuna mwanamke anayekubali wageni waikute nyumba yake haijapakwa upya. Mama alianza kukusanya vitu mapema. Udongo mweupe aliuagiza upande wa Malakisi, mwekundu aliuchimba kwenye kichuguu nyuma ya shule, na mweusi ulikuwa ule unga wa betri kuukuu za redio ambazo sisi watoto tulizivunja kwa mawe. Nyekundu chini, nyeupe katikati, nyeusi juu karibu na paa. Udongo ukiwa bado mbichi alipitisha vidole vyake taratibu, ukutani zikabaki alama za mawimbi kutoka kona moja hadi nyingine. Wanawake wa vijiji vingine walikuja eti kusalimia, macho yote yako ukutani.

Basi ukafika mwaka wa kutahiriwa kwa mtoto wa ndugu yangu. Mama alipaka kama kawaida, peke yake, na aliyejaribu kumsaidia alifukuzwa. Ndugu yangu akanipigia simu. "Dada, si ukuje uone," akasema, na hakutaka kueleza zaidi. Nilipofika niliona. Nyeupe ilikuwa imepanda juu ya nyeusi, nyekundu imekaa mabaka mabaka, na upande wa dirishani kuna sehemu kubwa haikuguswa kabisa, udongo wa mwaka juzi umeachwa uchi. Wageni walikuwa wanaangalia ukuta, kisha wanaangalia chini. Mama aliketi mlangoni akipokea salamu, amenyoosha shingo kwa fahari. Hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikumwambia.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Dawa ya matone ingepunguza mwendo tu. Kilichoenda kimeenda, hakirudi kwa upasuaji wala kwa miwani. Alisema hivyo kwa upole, lakini nilimkasirikia kana kwamba ndiye aliyemtia mama ile presha. Mama alikunja leso yake, akaiweka mfukoni, akauliza kama daktari ameshakula. Nikabaki naye Kitale.

Hapo ndipo nyumba yangu nyeupe ilipogeuka adui. Kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe, mama hakukiona. Chai ilimwagika kila asubuhi na kila asubuhi aliomba msamaha, mpaka nikatamani anitukane badala yake. Kiti chenye kitambaa cheupe mbele ya ukuta mweupe, alikikosa akaketi sakafuni. Siku moja alitoka choo cha ploti, ambacho kiko pembeni, akahesabu milango vibaya na kuingia kwa jirani. Milango yote ilikuwa ya kijani. Jirani alirudi kutoka sokoni akamkuta ameketi kitini, mikono mapajani, akinisubiri mimi niandae chai.

Kesho yake nilipaka mlango wangu rangi nyekundu kuliko zote dukani. Mwenye ploti alikuja mbio.

"Sasa wewe, mlango moja nyekundu peke yake, si watu watasema hii ni baa?"

Nilimwambia aje basi kila siku awe anamshika mama yangu mkono kumpeleka choo. Akaenda zake, mlango ukabaki mwekundu.

Baada ya mlango sikuweza kuacha. Vitambaa vyangu vyeupe nilivikunja vyote nikavitia kwenye gunia. Nilipaka ukanda wa manjano kuzunguka njia ya jikoni. Meza ikapata kitenge cha zambarau ili kikombe kionekane. Kiti cha mama nilikishonea mto wa rangi ya machungwa, unaowaka kiasi kwamba mimi mwenyewe uliniuma macho. Vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja havikutupwa tena. Nilivishona mahali popote ambapo mama angeweza kujikwaa. Kijana wa mlango wa pili alichungulia akapiga mluzi, akaisifu nyumba kwa Sheng yao. "Niaje mathee! Hao yako imeiva, bana!" Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Wateja nao waliopitia nyumbani kuchukua nguo wakaanza kusifu, wengine wakaagiza mito ya viti kama yangu. Na wao wakisifu, rangi zilikuwa zinatoka moja moja. Buluu ilitangulia. Mama alianza kuliita pazia jeusi, nikamletea la buluu kali zaidi, akaliita jeusi vilevile, ingawa kwa sauti ya kuniomba radhi. Kisha manjano ikawa nyeupe kwake. Rangi ikitoka, nilileta nyingine inayopiga kelele zaidi, kama mtu anayeita mwenzake aliyekwisha kukata kona. Nilijua ninachofanya hakisaidii. Nilijua, na bado Jumamosi ilikuwa inanikuta dukani nimesimama mbele ya mikebe ya rangi, nimeduwaa.

Kilichokuwa kinanifariji ni ule mto wa machungwa. Kila mara nilimuuliza, "Mayi, hii ni rangi gani?" naye akajibu bila kusita, "Si ni ile ya machungwa?" Nikajiambia basi angalau hiyo anayo, na mwenye hiyo hajapotea. Lakini ilifika wakati nikaona anajibu kabla hajageuza uso. Sikupenda kuona jambo hilo. Nilikaa nalo kwa muda, mwishowe nikauvua mto ule foronya ya machungwa nikauvisha nyingine, ya kijani kibichi, nikaurudisha kwenye kiti chake. Alipoketi nikamuuliza.

Aliupapasa ule mto kidogo, kisha akasema, "Si ni ile ya machungwa?"

"Ndio, mayi," nikasema. Nikaenda jikoni nikakata vitunguu vingi kuliko mboga zilizokuwepo.

Agosti ikafika tena, Agosti ya tohara. Kitale wako watu wetu wengi, na watoto walipita barabarani na njuga zao wakiwaalika wajomba na jamaa, nyimbo zikisikika mpaka ndani ya ploti. Mama alikaa mlangoni akisikiliza, miguu yake ikifuata mdundo. Nilifurahi kumwona hivyo nikaenda kazini.

Niliporudi jioni nilisikia harufu kabla ya kufungua mlango. Alikuwa amechota udongo kwenye shamba la sukuma wiki la ploti, akamtuma jirani amletee mavi ya ng'ombe, akakanda ndani ya beseni langu la kufulia. Sebule yote, kuanzia sakafuni mpaka mkono wake ulipofika, alikuwa ameipaka. Nyeupe yangu, manjano yangu, vyote viko chini ya udongo. Juu ya udongo yalipita yale mawimbi ya vidole, yamenyooka, hayana kasoro hata kidogo. Mama alisimama katikati, udongo umemkaukia mikononi mpaka kwenye viwiko, uso wake ukiwa umefunguka kama ambavyo sikuwa nimeuona kwa muda mrefu.

"Mayi, kuja uguze," akasema. "Hapa vidole viko karibu karibu, unajua umefika mrango. Huku viko mbali mbali, ni jikoni. Sasa hii nyumba naijua."

Niliguza. Nilifumba macho nikapitisha mkono, na kweli mlango ulikuwa mahali aliposema. Lakini mimi nilijua kitu ambacho yeye hakujua kwa sababu maisha yake yote alipaka udongo juu ya udongo: rangi ya mafuta haishiki udongo. Ulikuwa umeanza kupasuka pembeni, huku tumesimama hapo.

Asubuhi yake vipande vilianza kuanguka. Mama aligeuza kichwa. "Ni panya?"

"Ni panya," nikamjibu.

Alipaka tena, ukaanguka tena. Mwenye ploti alikuja, safari hii hakupiga kelele. Aliangalia ukuta, akamwangalia mama aliyekuwa anatafuta pembe ya dirisha kwa vidole, akaniambia polepole kwamba nyumba hii ni ya watu kupanga, siyo ya kufanywa hivi. Ndugu yangu naye aliposikia akafika na gari la kuazima. Alisema mama ana boma lake, na mzazi hafai kuzeekea katika nyumba ya kupanga ya binti wakati mwanawe wa kiume yuko hai. Mimi ni mwanamke niliyetoka kwa mume. Sikuwa na boma la kumpeleka wala ukuta wa kumpa. Nilichokuwa nacho kilikuwa rangi, na rangi hakuwa na kazi nayo tena. Nilifunga nguo zake, nikampandisha garini, nikarudi ndani kufagia udongo.

Nilienda Bumula kumwona baada ya mavuno ya mahindi. Ile nyumba ya udongo sikuikuta. Ndugu yangu alikuwa ameibomoa, akajenga ya matofali, akaipiga plasta ndani na nje na kuipaka rangi ya maziwa. Alinitembeza kwa furaha. "Mama sasa apumzike na hiyo kazi ya kupakapaka," akasema, na alikuwa anasema kwa mapenzi, kwa hiyo sikuweza hata kumkasirikia.

Mama alikuwa ameketi kitandani, katikati kabisa, mbali na ukuta. Wifi yangu aliniambia hukaa hapo siku nzima. Akitaka kutoka huita mtu. Nilimpa ule mto wa kiti, bado una foronya ya kijani. Aliupokea, akaupapasa mshono, akatabasamu.

"Ni ile uliniuliza," akasema.

"Ipi, mayi?"

"Siku ile. Hii kitambaa ilikuwa mpya, bado ngumu na wanga. Ile ya machungwa mimi nimeikalia mpaka ikalainika, nitakosa kuijua? Nilijua umebadilisha. Lakini umeweka rangi gani, hiyo sikuona. Nikasema ya machungwa." Aligeuza mto upande wa pili. "Na wewe ukasema ndio. Basi nikajua umejua."

Nilishika mkono wake. Aliniacha nilie, hakunibembeleza, na nilipomaliza akaniuliza foronya ni rangi gani. Nikamwambia kijani. Akauliza kijani ya nini, nikamwambia ya majani ya mahindi yakiwa bado machanga. Akatikisa kichwa kuikubali.

"Na hii nyumba ya ndugu yako," akauliza, "ukuta ameweka rangi gani?"

Niliangalia ile rangi ya maziwa, kutoka sakafuni hadi darini, laini, haina alama hata moja.

"Nyekundu chini, mayi," nikasema. "Nyeupe katikati. Nyeusi juu, karibu na paa. Na ameacha mafundi wapitishe vidole."

Mama alijivuta taratibu mpaka ukingo wa kitanda, akanyoosha mkono, akauweka ukutani. Kiganja kikateleza mpaka mkono wake ulipofika, kikarudi.

"Ndio," akasema.