Siku Niliyomsoma Shemeji Macho

Chekeni tu, nimeshazoea, ila mjue hata nikisimulia hivi masikio yananiwaka, maana aibu niliyojipaka mbele ya wakwe zetu haijatoka hadi leo.

Nilikuwa nimeanza kusoma saikolojia chuoni, wiki chache tu, lakini nilivyojiona! Mama akikunja mikono kwa baridi, mimi namwambia anaficha hisia (akaniambia nimletee sweta). Basi Jumamosi moja Wafula, mchumba wa dada yangu Nekesa, akaja kwetu mtaa wa Fedha, Nairobi, na wazee wake kutoka Bungoma kujitambulisha, sebule ikajaa, na mimi niliyeahidiwa kusimama na Nekesa siku ya harusi nikakaa pembeni nikimchunguza bwana harusi. Mama akamsalimia kutoka mlango wa jikoni, Wafula akajibu huku ameinamia zulia, na kila Mama alipochungulia yeye akageuza uso. Nikakumbuka mwalimu alisema anayekwepa macho huenda anaficha kitu (alisema "huenda", nami hilo neno nililiruka).

Ningenyamaza yangeisha. Nikamnong'oneza senge, dada yake Baba, "Senge, huyu jamaa kuna kitu anaficha." Senge naye siri haikai tumboni mwake, akamwegemea Baba, na Baba akaweka kikombe chini, akauliza mbele ya wote, "Kijana, naambiwa kuna jambo unatuficha. Uko na bibi mwingine?"

Nekesa alikuwa ndio anaingia na trei ya kuku, akasimama hapo hapo. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikasimama kama mhadhiri nikasema, "Kama hana, si amwangalie Mama machoni aseme!"

Mama akajifunika leso usoni akakimbilia jikoni. Mzee mmoja wa kina Wafula akanitazama kwa huruma, ndiyo iliyoniuma zaidi. "Binti, mkwe akimkodolea macho mama mkwe, huyo ndiye wa kuogopa. Kwani nyinyi si Wabukusu?"

Ni Wabukusu. Nimezaliwa Nairobi, sawa, lakini Mama mwenyewe muda wote alikuwa hatoki mlango wa jikoni, akimkwepa Wafula vilevile, na mimi sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa nimeshaamua mwongo ni nani. Baba alisimama kuwaomba wageni msamaha, mzee mzima, kwa ajili yangu, na mimi nilitamani sakafu inimeze.

Nilimfuata Nekesa jikoni nikaanza, "Sista, mimi nilikuwa nakulinda..."

"Unilinde na nani? Mimi ndiye naolewa, na hata hukuniuliza."

Harusi ilifungwa, nashukuru Mungu, ila aliyesimama naye ni binamu yetu wa Komarock, mimi nilipewa kugawa soda, nikagawa bila kumtazama mtu mara mbili. Masomo naendelea nayo. Ila siku hizi kabla sijamwambia mtu alivyo namuuliza kwanza, na mara nyingi nikishauliza, sina tena la kusema.