Povu la Kaburu

Kaburu hupenda kuitwa Injinia. Alisomea mabomba huko Embu muhula mmoja, akarudi Nkubu na koti jeupe ambalo hata kanisani halivui. Pale tunapopeleka maziwa, kazi yake ni kufungua bomba la tangi lori lijazwe, halafu kulifunga. Kwa kazi hiyo anatembea kama yeye ndiye aliumba ng'ombe.

Siku moja akasema maziwa yanaibwa. Anayeshika mpira wa kujaza lori ni Gatwiri, basi mwizi akawa Gatwiri.

"Onyesha mbele ya watu," meneja Gladys akamwambia Kaburu. "Ikiwa ni kweli, Gatwiri, leo unaenda nyumbani."

Gatwiri aliendelea kusugua mkebe ule ule uliokuwa umeshatakata.

Kaburu akaweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba, akabonyeza saa ya simu. Maziwa yakaanguka kutoka juu, yakavimba meupe hadi ukingoni.

"Sekunde kumi na tano," akasema, akivuta maneno kama padri. "Lita moja ya maziwa ni kilo moja na kidogo. Ndoo ni kilo ishirini na kitu. Zidisha mara nne, upate dakika nzima: zaidi ya themanini. Mizani ya lori inasema kila dakika linapata sitini na mbili. Zingine ziko kwa nyumba ya nani?"

Wakulima wakamgeukia Gatwiri. Kaburu akaona amepata watu wa kumsikiliza, akaanza za Embu: vile alikuwa wa kwanza darasani, vile mwalimu alimwogopa. Hizo tumezisikia mpaka ng'ombe wanazijua.

Mzee Kobia, aliyekuwa karibu na ndoo, akainama. "Injinia, umeibiwa ukiwa umesimama hapo hapo."

Maziwa yalikuwa yameshuka karibu robo ya ndoo. Kumbe juu lilikuwa povu. Mtu yeyote aliyewahi kukamua anajua povu si maziwa, ndiyo maana hapa tunapimiwa kwa kilo. Gladys akapima, akatoa uzito wa ndoo tupu: kilo kumi na tano na nusu. Akazidisha mara nne.

"Sitini na mbili," akasema. "Gatwiri, rudi kazini."

"Maziwa ya siku hizi ni mepesi," Kaburu akasema. Msamaha hakuomba.

Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi akitaka kupima, Gatwiri humwambia polepole, "Ngoja povu litulie, Injinia." Naye hungoja, koti jeupe, mikono nyuma, akichungulia ndoo.