Ndugu Yangu Alibakiza Mwaka Mmoja

Naikumbuka Jumanne moja ya miaka ya tisini, mwanangu, saa saba mchana, jua la Ndhiwa likichoma kichwa. Nilikuwa nasukuma kuni kwenye banda langu la kukaushia tumbaku, redio imening'inia kwenye nguzo. Baada ya habari za wakubwa, msomaji akakitaja chuo kikuu cha ndugu yangu mdogo, Ouma. Kilikuwa kimefungwa miezi tisa kwa sababu ya mgomo. Sasa kinafunguliwa, akasema, na wanafunzi wa mwaka wa nne wafike kabla ya Ijumaa jioni. Asiyefika atahesabiwa kuwa ameacha nafasi yake.

Ouma hakusikia. Alikuwa mtoni anaoga.

Nilizima redio, nikatoa betri, nikazianika juu ya mabati. Ndivyo tulivyofanya siku hizo betri zikichoka: unaziweka juani zipate nguvu kidogo. Aliporudi akauliza, "Mbona redio imenyamaza?"

"Betri zimekufa."

"Jana si zilikuwa zinaimba vizuri?"

"Na leo zimekufa. Soma kipimo, joto linashuka."

Akacheka, akainama kwenye kidirisha cha banda kusoma kipimo cha joto.

Nitakuambia kwa nini nilifanya hivyo, na sitajitetea. Mimi niliishia darasa la nne. Baba alikufa, nikapelekwa Lambwe kulima kwa ng'ombe wa watu. Kutoka hapo nikapata jozi yangu ya ng'ombe wa kulimia, shamba langu, na nyumba ya mabati kabla sijafika miaka thelathini. Hakuna aliyenishika mkono. Hilo nalisema mpaka leo kwa mdomo uliojaa, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Ouma alikuwa na kichwa. Nilimsomesha mpaka kidato cha nne, akaitwa chuo kikuu. Lakini siku hizo kuitwa hakukuwa kuingia. Alikaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja, maana waliomtangulia walikuwa bado hawajatoka. Akaingia, chuo kikafungwa. Kikafunguliwa, kikafungwa tena. Tuliambiwa masomo ni miaka minne, na kwa hesabu yangu ya darasa la nne, minne ni minne. Sasa ulikuwa unakwenda mwaka wa sita tangu aingie, naye amemaliza mitatu tu. Kila Jumatatu alitakiwa aende kwa naibu wa chifu kutia sahihi kwamba yuko nyumbani, kama mtu aliyeachiliwa na polisi. Sokoni waliniuliza, "Huyo profesa wako siku hizi anasomea moshi?" Yeye alicheka nao. Mimi ndiye niliyeumia.

Lakini hayo ni maneno ya pembeni. Sababu yenyewe ni kwamba banda lilikuwa limejaa. Tumbaku si mahindi. Ukishawasha moto, karibu wiki nzima huuachi, na joto lazima lipande hatua kwa hatua, la sivyo majani yanageuka meusi na kazi ya msimu imekwisha. Karatasi ya maelezo tuliyopewa na kampuni ilikuwa ya Kiingereza. Ouma aliisoma mara moja akaikunja mfukoni, na tangu hapo majani yetu yalikuwa yakitoka manjano kama ndizi mbivu. Mikono kama hiyo ningeiachilia Jumanne, moto ukiwa na siku mbili tu? Nikasema moyoni: chuo kilichofungwa miezi tisa kitashindwaje kungoja siku chache?

Alhamisi ilikuwa siku ya soko. Ouma alizoea kwenda yeye. Nikamwambia abaki na moto, niende mimi. Huko nikamkuta mama mmoja muuza samaki kutoka Homa Bay, ambaye binti yake alisoma chuo kilekile.

"Wangu ameondoka jana," akasema. "Wako je?"

"Ameondoka pia."

"Mbona hawakupanda gari moja? Alimtafuta stendi nzima."

"Mama, unauza samaki ama unanihoji?"

Wanawake wa karibu wakacheka. Nikanunua samaki nisiyemtaka, nikaenda zangu.

Jumatatu Ouma akaenda kutia sahihi. Nilimwona akirudi mbio, shati limelowa jasho. Naibu wa chifu alikuwa amemuuliza, "Wewe bado uko hapa? Wenzako wameondoka wiki iliyopita. Redio imetangaza siku tatu!" Ouma alipanda juu ya mabati, akachukua betri, akazitia kwenye redio. Kwaya ya kanisa ikalipuka kwa sauti kubwa mpaka kuku wakatawanyika. Akaiacha iimbe.

"Wuod mama," akaniita, yaani mwana wa mama yangu, "kumbe zimefufuka."

"Banda lilikuwa limejaa," nikasema.

"Ungeniambia tu. Ningekuandikia joto la kila siku kwa Kiswahili, ukutani hapo kwa mkaa. Kazi ya nusu saa."

Mwanangu, mpaka siku hiyo halikuwa limenipitia akilini. Kwa Kiswahili, ukutani, kwa mkaa. Ningeweza kusoma.

Aliondoka siku ileile. Huko chuoni akaambiwa nafasi imefutwa, aandike barua. Akaandika. Akajibiwa angoje. Akangoja mwaka, akaandika tena, na safari hii chuo chenyewe kilikuwa kimefungwa. Mama aliniita nyumbani kwake, na hakunipa kiti. "Wewe kifo cha baba yako ndicho kilichokunyima shule," akasema. "Ouma amenyimwa na nani? Nijibu."

Shule moja karibu na Magunga ilimchukua Ouma afundishe bila cheti. Watoto walimpenda. Halafu ikaja amri kwamba wasio na vyeti watoke, naye akatoka, maana miaka mitatu ya chuo haikupi karatasi yoyote. Ni sawa na mtu ambaye hakwenda kabisa. Akaenda ziwani kushona nyavu za watu. Huko akaugua, akakonda, akarudi kwangu akiwa amebebwa. Alikufa kabla hajaota mvi hata moja. Hakunitukana siku hata moja, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku ya mazishi, mzee wa kanisa alikuwa anaandika historia ya marehemu ili aisomee watu. Akaniuliza chuo alimaliza mwaka gani. Mjomba akanong'ona, "Andika alimaliza. Nani atauliza?"

Nikasema, "Andika alibakiza mmoja. Na uandike ni nani aliyemzuia."

Hilo la pili hakuliandika. Basi nikasimama mwenyewe mbele ya kaburi nikalisema lote. Mama hakuinua kichwa.

Sasa nisikilize wewe unayengoja barua ya chuo, na wewe mzazi au kaka unayemsubiri amalize. Miaka ya masomo usiipime kwa haraka ya shamba lako. Wakikuambia minne, jiandae kwa saba, na ukishakubali kubeba, beba mpaka mwisho, kwa sababu mwaka mmoja ukikatwa unaondoka na miaka yote iliyotangulia. Mimi niliyejijenga bila shule nilidhani mtu aliye na shule anaweza kunikopesha siku chache za maisha yake. Hazikopesheki. Ukiitwa, nenda, hata kama mkubwa wako anakwambia moto utazimika. Acha uzimike. Na mimi nikijaribu kukushika mkono nikuzuie, ung'oe mkono huo uende, sitakulaani.

Mungu akupe moyo usiochoka kungoja, na miguu inayoondoka mara inapoitwa. Akulinde njiani na darasani, ukae huko miaka yote itakayohitajika. Umalize nikiwa hai nikuone kwa macho yangu. Na nikiwa sipo, umalize tu.