Bawa Lililopindwa Nyuzi Tatu

Bi Ottilie Leitsch alikuwa ametengeneza makabati kwa miaka ishirini na sita, na hakuna mlango wake hata mmoja uliowahi kukwama. Ndiyo maana chama chetu cha kurusha ndege zisizo na injini, hapa kwenye milima ya Rhön, kilimkabidhi kazi ya kujenga mabawa ya ndege mpya ya viti viwili, majira ya baridi ya mwaka 1952. Ndiyo maana pia aliyakosea.

Mchoro ulitaka kila bawa lipindwe, ukingo wa mbele wa ncha yake uiname nyuzi tatu. Bi Ottilie alidhani mchoraji kachoka. Akaondoa ule mpindo, akabandika plaiwudi, akafurahi kuona mabawa yamenyooka kama rula.

Mwezi wa nne, rubani wetu Alois Hohmann aliirusha. Alipopunguza mwendo huko juu, bawa la kushoto lilianguka ghafla na ndege ikazunguka kama pia. Aliiokoa ikiwa karibu kugusa vilele vya misonobari.

"Rudi kwenye makabati yako!" katibu wa chama alimfokea Bi Ottilie. "Kabati likipinda hafi mtu!"

Bi Ottilie akamfuata Alois. "Nieleze, ilikuwaje?"

Alois akanyoosha kiganja kama bawa. "Ukienda polepole, lazima uinue pua ya ndege. Ukiiinua kupita kiasi, bawa linaachiwa na hewa, halibebi tena. Haya yako yaliachiwa nchani kwanza, upande mmoja kabla ya mwingine. Na vibao vya kusawazishia ndege viko huko huko nchani. Nimevuta usukani, wapi!"

"Na ncha ikiinamishwa?"

"Shina la bawa, pale linapoungana na mwili wa ndege, linaachiwa kwanza. Ndege inatikisika, inakuonya, na ncha bado zimeshika hewa."

"Kumbe mpindo ndio kazi yenyewe! Nami nikaurekebisha kama kasoro."

Katibu alitaka mabawa yachomwe. Bi Ottilie akaomba majuma manane. Plaiwudi ndiyo iliyolifungia bawa umbo lake, kwa hiyo aliibandua yote. Akapanga kabari chini ya ukingo wa nyuma, kila moja nene kidogo kuliko iliyotangulia, hadi ncha ikainama zile nyuzi tatu. Kisha akagundisha plaiwudi mpya.

Mwezi wa sita akaja mkaguzi wa ndege.

"Nani kajenga mabawa haya?"

"Mimi."

"Basi panda. Sijaribu bawa ambalo fundi wake analiogopa."

"Haya, Malkia wa Makabati!" katibu akacheka.

Bi Ottilie hakuwa amewahi kuruka maishani mwake. Akakaza kitambaa chake kichwani, akapanda.

Walipofika mita mia tatu, mkaguzi aliinua pua. Mvumo wa upepo ukafifia. Kiti kikatetemeka, pua ikainama taratibu, na mabawa yakabaki sawa kama meza. Akarudia mara tatu. Mara ya nne alijaribu makusudi kuliangusha bawa moja, likautii usukani.

"Bi Leitsch, ndege hii inakataa kuanguka!"

"Si kwamba inakataa," akapaza sauti, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Inabisha hodi kwanza!"

Walipotua, mkaguzi alitia saini hati juu ya bawa lenyewe. Katibu akavua kofia.

"Bi Ottilie, chama cha bonde la pili kinaulizia mabawa. Tuwajibu nini?"

"Wasubiri," alisema, bila kushuka. "Alois, njoo ukae hapa mbele. Nataka kuruka tena."